Mtaa Ulioacha Kupatana

Wiki ya sita tangu mtaa uachane na bei, rundo la nguo katika chumba cha Fundi lilikuwa limefika usawa wa dirisha. Lilikuwa limeanza kwa adabu, suruali mbili juu ya kiti na gauni moja kwenye msumari. Kisha kiti kikajaa, msumari ukang'oka, na sasa nguo zilikuwa zimeegemea ukuta kama mgeni mnene aliyekuja kwa matembezi na hana habari ya kuondoka. Kila asubuhi Fundi alipofungua mlango, jambo la kwanza alilofanya ni kulitazama rundo hilo, na jambo la pili ni kujilaumu kwa jinsi alivyolitazama.

Alijilaumu kwa sababu hakuburutwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu kumi na mmoja wa kwanza, na harakati yenyewe ilizaliwa mbele ya macho yake, katika darasa la watu wazima, pale alipojifunza kusoma akiwa mwanamke wa miaka arobaini na minane. Somo la hesabu lilifundishwa na bwana mmoja mrefu aliyekuwa bado mhasibu wa ofisi kubwa, na jina la kazi hiyo lilimganda hata baada ya kuiacha. Alasiri moja, akiwa katikati ya somo la asilimia, Mhasibu aliweka chaki chini akafuta mikono kwenye suruali.

"Ndugu zangu, nimechoka," alisema. "Nawafundisha kuhesabu kitu ambacho hamna."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo Fundi aliposimama akaeleza aliyoyaona wiki ile: jirani yake amebeba mtoto anayewaka homa, amefika kwenye dirisha la dawa la zahanati, chupa inaonekana pale pale rafuni, na mikono ya jirani ikatoka dirishani mitupu.

"Dawa ipo, mgonjwa yupo, na wa kuitoa yupo," alisema Fundi. "Kilichokosekana ni karatasi tu ya noti. Hiyo ni akili ya namna gani?"

Mtoto yule alipona kwa bahati, lakini swali halikupoa. Likazaa mikutano, mikutano ikazaa maandamano hadi kwenye lango la halmashauri, na watu wakaliita kundi lile majina yote ya wendawazimu waliyoyajua. Lenyewe lilijiita Bila Bei. Mwishowe wakakubaliana kuacha kupiga kelele na kuonyesha kwa vitendo. Mtaa wao, wenye nyumba zisizopungua tisini, ungekuwa wa majaribio. Mwenye shida angesema, mwenye uwezo angetenda, na hakuna mtu ambaye angetaja bei wala kuandika nani amempa nani. Wakulima wa nje ya mji walileta unga na mboga, nao wakarudi na nguo zilizoshonwa na majembe yaliyochomelewa. Jambo la ajabu ni kwamba mambo yalikwenda. Hakuna aliyelala njaa. Hata waliokuwa wakicheka walianza kucheka kwa sauti ya chini.

Kwa nini basi Fundi hakutulia? Alikuwa akiketi kwenye cherehani, anakanyaga mara tatu, anasimama. Analihamisha rundo kutoka ukuta huu kwenda ule. Anakwenda mlangoni kutazama barabara, anarudi, na hakumbuki alikwenda kutazama nini.

Alhamisi ile, kabla hajatia uzi kwenye sindano, Fundi Bomba alipita. Huyu ndiye aliyetengeneza mabomba ya maji ya mtaa mzima, mwanamume mwenye mabega mapana na haraka isiyokwisha. Hakuingia. Aliirusha suruali kutoka mlangoni, ikatua kileleni mwa rundo.

"Ya nini hiyo, shemeji?" Fundi akauliza.

"Ipunguze."

"Wapi? Kiunoni au miguuni?"

"Utakavyoona mwenyewe."

"Nitaonaje na wewe unakimbia? Ingia nikupime."

"Aa, usijisumbue! Si ya bure? Hata ikiharibika, hamna kesi."

Akapunga mkono, akaenda zake.

Hata ikiharibika, hamna kesi. Fundi alibaki ameshika utepe wa kupimia. Bwana huyu huyu, miezi miwili nyuma, angesimama pale mlangoni nusu saa nzima akiapa kwamba Fundi anataka kuwaua watoto wake kwa njaa. Angepitisha kidole kwenye kila mshono akitafuta kasoro ya kupunguzia. Angeondoka kwa hasira za kuigiza, afike pembeni ya barabara, ageuke. Naye Fundi angemwambia aende akavae gunia, gunia halina gharama. Wakishamaliza kutukanana wangecheka, na suruali ingeondoka pale ikiwa imekaguliwa na macho manne. Fundi aliona haya kuyakumbuka hayo kwa hamu. Je, mtu aliyepigania kuondoa bei anaweza kuimezea mate kelele ya bei?

Mchana ukaja mkate. Uliwekwa dirishani na Mama Mikate, mwokaji wa mtaa, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kupita bila kuingia, kuketi na kumsema mtu. Siku hizi aliweka na kupita. Fundi aliugeuza mkate. Chini ulikuwa mweusi, kama ilivyokuwa juzi, na siku ya kabla ya juzi. Akachukua kisu, akaanza kukwangua polepole asije akasikika nje, kana kwamba anaiba.

Hivyo ndivyo binti yake alivyomkuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona saa hizi?"

"Nimeomba ruhusa." Binti alikuwa amevaa koti la bluu la kiwanda cha nguo, mahali alipokuwa msimamizi wa mstari mmoja wa cherehani. Alikuwa mtoto pekee, na tangu utoto alikuwa na tabia ya kuingia chumbani kama mkaguzi. Alilitazama rundo, akautazama mkate, akatazama kisu. Halafu akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Mama, kile kibao hapo nje nani ameandika?"

"Mimi," akajibu Fundi, na kifua kikamjaa kidogo. Kilikuwa kibao chake cha kwanza maishani. Alikuwa amekiandika kwa rangi nyekundu, herufi moja moja, ulimi ukiwa nje kama mtoto: FUNDI BURE.

"Ulitaka kusema nini?"

"Kwani hujui kusoma? Kwamba hapa fundi anashona bure."

"Mama yangu mpenzi," binti akasema akifuta machozi, "umejitukana mwenyewe kwa herufi kubwa. Fundi bure ni fundi asiyefaa kitu! Kama mtu bure!"

Fundi akatoka nje, akakisoma kibao kwa macho ya mpita njia. Ilikuwa kweli. Wiki sita watu walikuwa wakipita hapo, wengine wakitabasamu, naye akidhani wanamfurahia. Akakigeuza kikatazama ukuta, akarudi ndani.

"Sikuja kukucheka," binti akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Kuna nafasi kiwandani. Ya mkaguzi wa mishono. Nimewaambia mama yangu anaona uzi uliolegea kutoka ng'ambo ya barabara. Wamekubali. Lakini majina yanafungwa Jumamosi saa sita mchana."

"Jumamosi tuna wageni. Mitaa saba inakuja kutazama kama jaribio letu limefaulu. Wakiridhika, nao wataanza."

"Najua. Mhasibu wenu amebandika makaratasi hadi kwenye ukuta wa kiwanda." Binti akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mama, niambie ukweli. Una raha?"

Swali hilo lilimwingia Fundi kama sindano chini ya ukucha.

"Kule utakaa penye mwanga," binti akaendelea. "Utashika nguo, utasema hii ndiyo, hii siyo, na watu watakusikiliza. Hapa wanakutupia nguo kama jalala."

"Nitakupa jibu."

"Nipigie simu kabla ya saa sita. Baada ya hapo sina la kufanya."

Alipokwisha kuondoka, Fundi alishona kola ya shati la mtu, akaishona kinyume. Akaifumua. Alikuwa akijua kwa hakika mambo mawili, na hayo mawili yalikuwa yakivutania nguo moja. Akienda kiwandani, mtaa ungesema mmoja wa wale kumi na mmoja amekimbia, na wageni wa mitaa saba wangerudi makwao na jibu walilolitarajia. Akibaki, angeendelea kuishi kama alivyokuwa akiishi, akikwangua mkate kwa siri.

Ijumaa alasiri Mhasibu alimwita darasani. Naye hakuwa mtulivu. Alikuwa amepanga viti, akavipangua, akavipanga tena, na sasa alikuwa amepiga magoti kuufuta ubao sehemu ya chini kabisa ambayo hakuna mtu angeitazama.

"Fundi, kesho utasoma," alisema akiinuka. "Nimekuandikia. Mimi nikisema watadhani nahutubia. Wewe ni mtu wa kazi, tena umejifunza kusoma hapa hapa. Watakuamini."

Akampa karatasi moja, iliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyezoea safu zilizonyooka. Fundi akaipitisha machoni. Ilikuwa nzuri. Ilisema juu ya dirisha la zahanati, na juu ya unga, na juu ya mtaa ambao hakuna aliyelala njaa.

"Bwana Mhasibu," akasema, "nguo zimejaa chumbani kwangu."

"Hiyo ni ishara ya imani! Watu wanaleta."

"Wanaleta. Hawarudi kuchukua."

"Watarudi. Fundi, nakuomba," na hapo sauti yake ikapungua, "niliacha kazi kwa ajili ya jambo hili. Ndugu zangu hawanipigii simu. Kesho likianguka, mimi sina mbele wala nyuma. Isome tu kama ilivyo."

Fundi alimwahidi. Alikwenda nayo nyumbani, akaisoma kwa sauti mbele ya cherehani. Lakini aliisoma kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza, na hakuifuata kanuni aliyofundishwa katika darasa lile lile na mwalimu wa kusoma, kwamba mtu asisome kwa mdomo peke yake. Mwisho wa kila sentensi asimame ajiulize: nimeelewa? Na nilichosoma, ni kweli?

Jumamosi saa tatu asubuhi darasa lilifurika. Wageni waliketi kwenye madawati ya mbele, wenyeji wakasimama nyuma na madirishani. Mhasibu alifungua mkutano kwa maneno machache. Kisha akamwita Fundi.

Fundi alisimama na karatasi yake. Alisoma juu ya dirisha la zahanati, na mwanamke mmoja katika wageni, aliyevaa kilemba cha kijani, akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisoma juu ya unga. Alikuwa akisoma vizuri, tena kwa vituo, na kwa kuwa alikuwa akisoma mbele za watu, kanuni ya mwalimu ilimrudia yenyewe, kama mguu unavyolijua kanyagio. Akafika sentensi ya mwisho.

"Tangu tuachane na bei," akasoma, "sisi watu wa mtaa huu tunapatana."

Akasimama. Nimeelewa? Ni kweli?

Akairudia. "Tunapatana." Akaitazama karatasi kama mtu aliyekuta kifungo cha rangi nyingine kwenye shati. "Hapa pamekosewa," akasema.

"Endelea, Fundi," Mhasibu akanong'ona. "Umemaliza, keti."

"Hapana, bwana, pamekosewa. Hatupatani. Tuliacha. Siku ile ile tuliyoacha bei, na kupatana tukakuacha."

Wageni wakageukiana. Mhasibu akainuka haraka. "Anamaanisha kupatana kwa sokoni. Kuvutana bei. Mimi niliandika kupatana kwa... kwa kuelewana! Ni maneno mawili."

"Ni neno moja," akasema Fundi. Hakukusudia kubisha, alikuwa akifikiri kwa sauti, na mawazo yalikuwa yakimtoka kasi kuliko alivyoweza kuyashika. "Nimejifunza kuliandika hapa hapa, na halina namna mbili za kuandikwa. Zamani mtu alileta suruali, tukapatana. Alinitazama, nikamtazama. Alisema hapa umepinda, nikasema macho yako ndiyo yamepinda. Tukiagana, tumepatana. Sasa naletewa nguo na migongo. Nawaona watu wa mtaa huu migongo tu!"

"Fundi!" Mhasibu akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona nyumba ikiwaka.

"Ngoja, bwana, nimalize. Mtu akikupa kitu, unaweza kukilalamikia? Huwezi. Utaitwa mlafi. Basi unanyamaza. Na mimi nimenyamaza." Akageuka, akamtafuta mtu katika umati wa nyuma, akamwona. "Mama Mikate, mkate wako unaungua chini."

Mama Mikate alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, na watu waliosimama karibu naye wakasogea kidogo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki ya pili."

"Wiki ya pili! Mwezi mzima unakula mkate ulioungua na hufungui mdomo?"

"Ningesemaje? Umenipa."

"Haya!" Mama Mikate akajipenyeza hadi mbele, akisukuma madawati kwa nyonga. "Kwa kuwa leo ni siku ya kutoana kamasi, na mimi nina langu. Gauni ulilonishonea, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Nimekwenda nalo harusini, siku nzima nimekunja kiwiko kama mwenye jipu!"

Watu wakaanza kucheka, wakajizuia, wakashindwa.

"Mbona hukuniambia?" Fundi akapaza sauti.

"Nami ningesemaje? Si umenipa?"

Wakatazamana. Na mbele ya wageni wa mitaa saba, wanawake wale wawili wakaanza kugombana kama walivyogombana kwa miaka ishirini, kwa vidole na kwa viapo: sakafu ya tanuri imepasuka, na kwa nini hakumwita mwashi, na mwashi angemwitaje wakati kila mtu anamwambia mkate ni mtamu, na gauni lirudishwe leo, na haliwezi kurudi leo, na basi Jumatatu, na Jumatatu hapana. Walipochoka, wote wawili walikuwa wakihema, na nyuso zao zilikuwa zimefunguka.

Mhasibu hakucheka. Alisubiri kelele zishuke, kisha akasema kwa uchungu wa kweli: "Ndugu zangu, nawasihi. Kupatana ndio mlango. Mkiuacha wazi kidogo tu, bei itaupitia usiku huu huu na mtaikuta asubuhi imeketi sebuleni. Nimeishi nayo. Naijua."

Mwanamke wa kilemba cha kijani akanyoosha mkono. "Mimi nafua nguo za watu," akasema. "Nataka kuelewa. Mnapatana nini, kama bei haipo?"

Fundi akafanya kile ambacho mikono yake ilikijua.

"Bwana Mhasibu, kuna koti la kijivu katika rundo langu. Ni lako?"

"Langu," akajibu kwa kusita.

"Lina wiki tatu. Unalitaka lini?"

"Wakati wowote. Usijisumbue."

"Wakati wowote haupo kwenye kalenda. Lini?"

Mhasibu akawatazama wageni, akajikaza. "Basi, Jumatano."

"Jumatano siwezi. Bitana yote imeoza. Wiki mbili."

"Wiki mbili! Hilo ni koti au nyumba?"

"Ingekuwa nyumba ningemaliza mapema. Nyumba haina makwapa."

Darasa likalipuka. Mhasibu akawa mwekundu wa masikio, lakini kitu fulani cha zamani kilimwamkia. Alivuta kiti, akaketi mkabala na Fundi kama mtu aliyefika dukani. "Siku saba, na usinibadilishie vifungo. Vile ni vya baba yangu."

"Hujaniambia habari ya baba yako. Ningevitupa! Siku kumi."

"Nane."

"Nane, lakini bitana ya zamani utaifumua mwenyewe. Kwa wembe, uzi kwa uzi, usinikate kitambaa."

"Mimi sijui kufumua."

"Nami sikujua asilimia."

Kinyozi wa mtaa, aliyekuwa amekaa dirishani, akapaza sauti: "Hiyo ya kufumua ndiyo bei yenyewe! Imerudi, tumeiona!"

Fundi akamgeukia. "Sivyo, mdogo wangu. Bei ni ile inayokurudisha dirishani na mtoto wako mgonjwa. Huyu akishindwa kufumua, koti nitamshonea. Ila aje aniambie ameshindwa, anitazame usoni, nijue koti ni la nani na linamuuma wapi." Akamrudia Mhasibu. "Tumepatana?"

Mhasibu alikuwa ameichukua kwa Fundi karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe, na mkono wake ulikuwa ukiikunja bila yeye kujua.

"Tumepatana," akasema hatimaye. "Lakini naogopa, Fundi."

"Mimi pia."

Wageni hawakutoka kwa nderemo. Mitaa mitatu ilisema itajaribu, na mwanamke wa kilemba cha kijani alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Minne iliaga kwa heshima ya watu wasiotaka kuulizwa. Kinyozi alitangaza kwamba amejitoa, kwa kuwa yeye aliingia Bila Bei ili asibishane tena na wateja, na ikiwa ni kubishana basi huko alikuwa nako tangu zamani dukani kwake. Ilikuwa imekaribia saa sita kasoro robo.

Fundi alikwenda nyumbani akiwa karibu kukimbia. Nyuma yake alisikia nyayo. Alipofungua mlango na kugeuka, aliwakuta watu tisa, kumi, wamepanga mstari usionyooka, na wote walikuwa wakisema kwa pamoja. Mmoja alitaka gauni la mkwewe liwahi. Mwingine alikuja kuchukua shati lake bila kushonwa, kwa maana, alikiri, halikuhitaji kushonwa. Alikuwa amelileta kwa kuwa ilikuwa bure. Fundi Bomba alichomoa suruali yake rundoni, akaivaa juu ya ile aliyokuja nayo, akiwaonyesha wenzake mahali inapombana.

"Miguuni, Fundi! Si kiunoni! Kumbe ungenikata kiuno!"

"Nilikuambia uingie nikupime!"

Akapiga magoti, pini mdomoni, akakunja pindo. Simu ikalia mezani. Alijua ni nani hata kabla hajainuka.

"Mama," binti akasema. Nyuma ya sauti yake zilisikika cherehani za kiwanda, mamia yake, kama mvua juu ya bati. "Dakika kumi zimebaki. Kalamu iko mkononi."

Fundi aliondoa pini mdomoni. Alifikiria ile nafasi penye mwanga. Alifikiria kusema hii ndiyo, hii siyo, kwa nguo za watu ambao asingewaona kamwe, wala migongo yao.

"Wape mtu mwingine, mwanangu."

"Yameendaje huko?" binti akauliza.

"Mitaa mitatu imekubali. Minne haijasema kitu."

"Na hao watu wakichoka kubishana nawe? Wakirudi kutupa nguo mlangoni? Utafanyaje?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, mwanangu. Nisikudanganye."

Binti alikata simu bila kuaga. Hakuwahi kufanya hivyo. Fundi alisimama na simu sikioni ingawa haikuwa na mtu tena, kama aliyeshuka ngazi gizani akakosa kipandio. Pengine alikuwa amefanya kosa ambalo lingemla mwaka mzima. Pengine binti angekuja kesho, pengine asingekuja mwezi. Chumbani watu walikuwa wakisukumana, wakishika nguo, wakiulizana hii ya nani.

"Fundi," akasema Fundi Bomba, mguu mmoja ukiwa bado umenyooshwa mbele, "simu imekwisha? Maana siku nne ulizosema, mimi sikubali."

Fundi hakukumbuka kusema siku nne. Akaiweka simu chini, akarudisha pini mdomoni, akapiga magoti.

"Tano," akasema.